SOMO: Kung'arisha vito vya fedha na shaba nyumbani bila kuviua

Habari zenu wadau. Kila msimu wa harusi naulizwa hili swali, "bangili yangu imekuwa nyeusi, sonara kaniuzia feki?" Jamani tuache kuwasingizia masonara wa watu. Fedha halisi ndo inageuka nyeusi, mana inashikana na salfa iliyoko hewani, kwenye mayai, kwenye vitunguu, hata kwenye rababendi za kufungia hela, alafu unatokea utando mweusi. Sasa sikilizeni vizuri: ule weusi ndani yake kuna fedha yenyewe, ukikwangua unaikwangua na fedha. Ndo mana vikuku vingi vya bibi zetu vilivyosuguliwa majivu miaka nenda miaka rudi havina tena nakshi, vimebaki vipara, na inaniuma sana kuviona.

Angalia kwanza mhuri. 925 maana yake katika sehemu 1000 fedha ni 925, zilizobaki kwa kawaida ni shaba, imetiwa kwa sababu fedha tupu ni laini inapinda. Vitu vya zamani vya Oman, Unguja na Lamu usitegemee mhuri, vingi vilifuliwa kwa kuyeyusha reale za Maria Theresa, yani sarafu za fedha za zamani, zile zenye mwaka 1780 hata kama zimepigwa miaka mingi baadaye, na fedha yake ni kama 833 kwa 1000. Shaba ni nyingi zaidi humo, kwa hiyo kikiwahi kuchafuka kuliko pete ya dukani usishangae.

HATUA ZA FEDHA

1. Kagua. Kama kina lulu, marijani, feruzi, kaharabu au jiwe la kubandikwa na gundi, hatua ya 3 usiifanye kabisa. Na kama fundi alitia weusi makusudi kwenye mashimo ya nakshi ili maua yaonekane, pia usifanye, utautoa wote.

2. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo kidogo, tumia mswaki laini wa mtoto. Mafuta ya mwilini yakibaki hatua inayofuata haishiki.

3. Tandika foili ya jikoni ndani ya bakuli la kioo au la udongo, weka kito juu yake, na lazima kiguse foili, hapa ndo wengi wanakosea wanasema haifanyi kazi. Tia kijiko kikubwa cha bekingi soda na kijiko cha chai cha chumvi kwa kila kikombe, mimina maji ya moto. Utasikia harufu ya yai viza, hiyo ni salfa inaiacha fedha na kuhamia kwenye foili, yani fedha inabaki kwako. Dakika mbili mpaka tano inatosha, cheusi sana rudia na foili mpya.

4. Suuza, kausha kwa kipande cha kanga kuukuu iliyolainika. Mkufu uache mbele ya feni mana maji yanajificha kwenye pingu zake.

SHABA ni habari nyingine, foili haisaidii, hii inataka uchachu. Loweka ukwaju uwe uji mzito, pakaa, subiri dakika chache, sugua kwa vidole, suuza. Ndimu na chumvi pia sawa ila chumvi iyeyuke kwanza isije ikachora. Usilaze usiku kucha! Shaba ya njano ikikaa sana kwenye uchachu zinki inatoka inabaki na mabaka mekundu. Ukimaliza pitisha kwenye maji yenye bekingi soda kidogo kuua uchachu, kausha hapohapo.

Kuhifadhi: kimfuko cha zipu, kamua hewa, tia kipande cha chaki kinyonye unyevu, mana sisi wa pwani hewa yetu ni mbichi mwaka mzima. Manukato, mafuta na udi kwanza, vito mwisho. Na vaeni jamani, fedha inayovaliwa haiwahi kuwa nyeusi kama iliyofungiwa kabatini.

MASWALI YA WADAU

Swali: Bekingi soda sina, naweza kutumia magadi soda?
Jibu: Hapana dada. Madukani jina hilo wanaliita vitu tofauti, na ile ya kutengenezea sabuni inaunguza ngozi na ikikutana na foili inachemka vibaya. Bekingi pauda nayo siyo.

Swali: Mkuu mi natumia dawa ya meno na inang'aa fresh tu.
Jibu: Inang'aa kaka, lakini ina chembechembe za kusugulia meno na jino ni gumu kuliko fedha. Iangalie juani utaona mikwaruzo.

Swali: Bangili ya shaba inanitia kijani mkononi, ni ugonjwa?
Jibu: Wala, ni shaba na jasho. Nawa kwa sabuni inatoka. Pakaa rangi ya kucha isiyo na rangi upande wa ndani, ikibanduka rudia.

Swali: Nimefulia jiki pete ikiwa kidoleni, imeingia madoa.
Jibu: Klorini inaila fedha. Jaribu foili mara moja, ikigoma mpelekee sonara aipige polishi.

Swali: Pete imetoka kwenye foili na mabaka ya njano.
Jibu: Hiyo ilichovywa fedha tu, juu kumeisha. Sonara anaweza kuichovya upya.

Swali: Shikamoo mama, nina kidani kutoka Muscat kina kaharabu na marijani, nianzie wapi?
Jibu: Marahaba mwanangu. Usikitie majini, uzi wake utaoza na kaharabu itapoteza mng'ao. Chukua kitambaa laini cha pamba kikavu, futa fedha peke yake taratibu, kwenye kona tumia kijiti cha pamba ya masikio. Weusi ukibaki ndani ya nakshi uache. Uzi ukiwa umelegea mpe sonara akitunge upya kabla hujakivaa.