Kusema mipango ya mbele kwa Kiingereza bila kuweka "will" kila mahali

Shida yetu inaanzia kwenye -ta-. Kwa Kiswahili ukisema "nitaenda" imeisha, haijalishi umeamua sasa hivi au tiketi unayo mkononi, afu tukiingia kwenye Kiingereza tunaibeba hiyo -ta- tunaifanya "will" mwanzo mwisho. Nafundisha hii mada na ndo naona inasumbua watu kuliko zote, kwaiyo twende polepole.

Hatua ya 1: jiulize umeamua lini
Simu imelia, umeamua hapo hapo kupokea: "I'll get it." Uliamua tangu jana: "I'm going to look for a new job." Mmeshapanga na mtu, siku na saa inajulikana: "I'm seeing the doctor on Monday." Ratiba ya usafiri ndo kabisa, unasema kama ya kila siku: "The train leaves at six."

Mtu akikuuliza wikendi unafanya nini ukajibu "I will visit my aunt" atakuelewa, ila inasikika kama wazo limekuja pale alipouliza. Bora "I'm visiting my aunt."

Hatua ya 2: una uhakika kiasi gani
Uhakika wote: "I'll definitely come." Kuna dalili nzuri: "I'll probably come." Hujui bado: "I might come", na tafadhali usiweke "to" baada ya might. Ukikataa, probably inahama inakaa mbele: "I probably won't come."

Hapa kuna mitego miwili nayoikuta kila siku. "Anaweza akachelewa kesho" watu wanaandika "She can be late tomorrow", hapana, ni "She might be late", coz can hapo inasikika kama karuhusiwa kuchelewa. Na "lazima watashinda" sio "They must win", hiyo ina maana ni lazima washinde, wasiposhinda kuna tatizo. Wewe unatabiri tu, sema "They're bound to win."

Hatua ya 3: "nitakapofika"
Hii inawaangusha hata waliobobea, na sababu iko wazi, neno lenyewe lina -ta- ndani yake so mkono unaandika "When I will arrive, I'll call you." Kiingereza hakitaki. Ni "When I arrive, I'll call you", will inabaki upande mmoja tu. Ni hivo hivo kwa if, before, after, until na as soon as. Ila when ya kuuliza haina shida: "When will you arrive?"

Hatua ya 4: fanya leo
Andika mipango yako mitano ya wiki hii, kila mmoja jiulize kuna mtu anakusubiri? Yupo, tumia -ing. Hayupo ila umeshaamua, going to. Bado unasitasita, might. Afu zisome kwa sauti.