Bili ya daktari wa mifugo ikikuzidi: pa kuanzia hapa Uganda

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha akiba cha akina mama hapa Malaba, na nyumbani nafuga ng'ombe wa maziwa. Mwenzangu ng'ombe wake akilala chini, huja kwangu kuomba pesa za kikundi. Wangu akiugua, mimi ndiye ninayeomba. Nimeona wazi kwamba anayesaidiwa haraka ni yule anayekuja na hesabu kwenye karatasi.

Kwa hiyo anza na bili yenyewe. Mwombe daktari aichambue: usafiri wake kiasi gani, vipimo kiasi gani, kila dawa kiasi gani, kazi yake kiasi gani. Kisha muulize bila aibu, "Daktari, lipi lazima lifanyike leo, na lipi linaweza kungoja?" Swali hilo lina uzito. Chukua ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe ambao wengi hapa tunauita ECF. Dawa yake, buparvakwoni, ni ghali, lakini inafanya kazi vizuri ikitolewa mapema. Ukikaa siku tatu ukikusanya bili nzima, mapafu yanajaa maji, ng'ombe anahema kwa shida, na hapo hata dawa ghali inaweza kushindwa. Tafuta kwanza pesa ya sindano ya leo. Nyingine utaitafuta mnyama akiwa amesimama.

Kama hujui daktari wa kumwita, nenda gombolola ukamtafute afisa mifugo. Mshahara wake analipwa na serikali. Dawa na mafuta ya pikipiki mara nyingi ni juu yako, lakini ushauri wake unaweza kukuepusha na mtu wa mtaani anayebeba sindano bila kusomea. Daktari halisi amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Uganda, na kumuuliza usajili wake si kumkosea heshima. Pia waulize majirani kama wana mnyama wa kutibiwa au kuchanjwa siku hiyo hiyo. Mkimwita pamoja, usafiri mnagawana.

Sasa pesa. Wa kwanza kuzungumza naye ni daktari mwenyewe. Wengi hukubali kulipwa kidogo kidogo ukitaja tarehe na ukaziheshimu. Andikeni, wote wawili mtie sahihi, kila mmoja abaki na nakala.

Wa pili ni mnunuzi wako wa maziwa, au chama cha ushirika kama unapeleka huko. Akikupa pesa mbele, anakata kwenye maziwa ya baadaye. Hapa kuna jambo ambalo watu hulisahau: ng'ombe aliyechomwa dawa, maziwa yake hayauzwi mpaka siku alizotaja daktari ziishe. Basi makato yaanze baada ya siku hizo, la sivyo utajikuta unadaiwa maziwa ambayo huruhusiwi kuuza. Na tafadhali, maziwa hayo usimpe mtoto.

Wa tatu ni kikundi. Vikundi vingi vina mifuko miwili, na lazima ujue unaomba kutoka upi. Mfuko wa jamii ni wa dharura na mara nyingi hauna riba, ila kiasi chake ni kidogo na katiba nyingine zinautaja kwa magonjwa ya watu na misiba tu. Muulize katibu akusomee. Mfuko wa mikopo una pesa zaidi, lakini piga hesabu: laki tatu kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, kwa miezi mitatu, inakuwa elfu tisini juu yake kama riba inahesabiwa kwenye mkopo mzima. Linganisha na SACCO kabla ya kutia sahihi. Ile milioni moja ya PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya parokia, yenye riba ya asilimia 6 kwa mwaka, ni ya mradi, usiipangie bili ya ugonjwa. Ila unapoandika bajeti ya mradi wa mifugo, weka humo chanjo na dawa ya kupe tangu mwanzo.

Wenye mbwa na paka njia yao ni nyingine, maana kikundi ni nadra kukopesha kwa ajili ya paka. Kampala, uliza kliniki ya chuo cha mifugo cha Makerere, ambako wanafunzi hujifunza chini ya wahadhiri wao, na USPCA, shirika la kutunza wanyama. Kaskazini, The BIG FIX, shirika lenye hospitali ya wanyama, iko Gulu. Piga simu kwanza, eleza hali yako ya kipato waziwazi, na uulize wanaweza kupunguza nini. Chanjo ya kichaa cha mbwa mara nyingi hutolewa bure kwenye kampeni, hasa karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani.

Ukichangisha kwa WhatsApp, tuma picha ya mnyama pamoja na picha ya bili, na omba wachangiaji wamtumie daktari moja kwa moja kwa simu. Watu hutoa kwa moyo wakiona pesa inakwenda wapi.

Kuna pia bima. Tangu 2016 serikali husaidia kulipia bima ya kilimo na mifugo, na kwa mfugaji mdogo hubeba nusu ya malipo. Elewa vizuri: kwa kawaida bima hii hulipa mnyama akifa, bili ya matibabu inabaki yako. Lakini mwenye bima akikopa kutibu, hata mnyama akifa ana cha kulipia deni. Kampuni itataka ng'ombe mwenye alama sikioni, aliyekaguliwa na daktari akiwa mzima, na akifa itataka taarifa upesi na ripoti ya daktari kabla hujamzika. Weka namba yao ya simu mahali ambapo hata mtoto wa nyumbani anaweza kuiona.