Ribe kwa siku moja: panga saa kabla ya njia

Ribe, kusini-magharibi mwa Jutland, ndio mji mkongwe kuliko yote Denmark. Soko lake lilianza mwanzoni mwa karne ya 8. Kutoka København (Copenhagen), mji mkuu, panda treni ya Esbjerg, shuka Bramming, kisha ubadilishe kuingia treni ndogo ya kusini. Tenga saa 3 na nusu hivi. Mji wenyewe ni mdogo, miguu inatosha. Kinachoharibu safari ni kufika bila kujua nini hufanyika saa ngapi.

Ukishuka, jumba la makumbusho la Ribes Vikinger liko ng'ambo tu ya stesheni. Lianze hilo, ukaone sarafu ndogo za fedha na vitu vya mafundi wa soko la kwanza. Ukilirudia jioni utalikuta limefungwa.

Uwe uwanjani Torvet kabla ya saa sita mchana. Saa sita na saa tisa kengele za kanisa kuu hupiga wimbo unaomhusu Malkia Dagmar wa Denmark, aliyefia Ribe mwaka 1212. Kanisa lilianza kujengwa katikati ya karne ya 12, sehemu kubwa kwa tufu, jiwe jepesi la volkano lililoletwa kwa meli kutoka bonde la Rhine. Utashuka ngazi kuingia, kwa kuwa ardhi ya mji imepanda kwa karne nyingi huku sakafu ikibaki chini. Ndani, nguzo zinagawa ukumbi kuwa njia tano. Denmark nzima hakuna kanisa jingine la hivyo. Michoro na vioo vya rangi kali mbele ni kazi ya mchoraji Mdenmark Carl-Henning Pedersen ya miaka ya 1980. Wapo wasioipenda hadi leo.

Mnara mmoja wa kanisa uliporomoka mwaka 1283. Badala yake ukajengwa Borgertårnet, mnara wa matofali wa mita 52, uliotumika pia kuchungulia moto na mafuriko. Una ngazi 248, nyembamba, na anayepanda hupishana na anayeshuka, kwa hiyo mkoba mkubwa uache chini. Juu utaona tambarare hadi baharini, nawe utaelewa mara moja kwa nini mji huu uliogopa maji. Jumapili asubuhi kuna ibada. Usipange kupanda saa hiyo.

Kutoka hapo teremka barabara ya Fiskergade, ukiangalia vichochoro vinavyokwenda mtoni na mawe ya pembeni yaliyozuia magurudumu ya mikokoteni yasikwangue kuta. Vaa viatu vya soli nene: barabara ni za mawe, na yakilowa huteleza.

Mtoni, Skibbroen, simama kwenye nguzo ya mafuriko. Pete zake zinaonyesha maji yalifika wapi kila mwaka wa maafa, na ya juu kabisa ni ya Oktoba 1634, kama mita 6 juu ya kawaida. Maji yaliingia hadi kanisani. Mtu wa pwani atafikiri ni bamvua (maji makuu ya mwezi mwandamo na mpevu), lakini bamvua peke yake haifiki huko: ni upepo mkali wa magharibi unaosukuma bahari nchi kavu wakati maji yamejaa. Jahazi lililofungwa karibu, Johanne Dan, ni nakala ya vyombo vya zamani vyenye tako bapa, ili maji yakipwa kikae wima juu ya tope.

Jioni rudi Torvet, mbele ya mkahawa wa Weis Stue. Majira ya joto mlinzi wa usiku huanzia hapo kuzunguka mji akiimba, bila malipo, saa mbili na saa nne usiku (ratiba itaandika 20:00 na 22:00). Juni, saa mbili jua bado linawaka, hivyo zunguko la saa nne ndilo lenye ladha. Ila angalia kwanza treni ya mwisho. Ukilifuata hilo la pili, salama ni kulala Ribe.