Baba mtarajiwa, anza na tarehe
Mkeo akikuambia ana mimba, muulize hedhi yake ya mwisho ilianza tarehe ngapi, uiandike. Zile wiki 40 za mimba huhesabiwa kuanzia siku hiyo, na kliniki lazima wataiuliza. Mpeleke kabla wiki 12 hazijaisha, na wewe uingie naye ndani ukapime damu. Usibaki nje umeshika mkoba. Vidonge vya asidi ya foliki (aina ya vitamini B), kwa kawaida mikrogramu 400 kwa siku, viweke karibu na mswaki wake asisahau. Kichefuchefu kikimzidi, jiko liwe lako, maana harufu tu ya mafuta ya kukaangia huweza kumtapisha. Akitokwa na damu au tumbo likimuuma sana, msisubiri kupambazuke: nendeni hospitali usiku huohuo. Nauli ya safari hiyo itenge leo.