Kumwombea mzazi viza ya Uingereza upya baada ya ombi la kwanza kukataliwa

Ombi la viza ya matembezi ya Uingereza likikataliwa, kwa kawaida mzazi hana haki ya kukata rufaa wala ya kudai uamuzi huo upitiwe na ofisa mwingine, na ada iliyolipwa hairudishwi. Ipo njia ya kupinga uamuzi mahakamani kwa sababu za kisheria, lakini ina gharama kubwa na inafaa pale tu ambapo ofisa alikosea waziwazi, kwa mfano kwa kudai kwamba waraka fulani haukuletwa ilhali uliletwa. Kwa familia nyingi njia iliyobaki ni kuomba upya. Sheria haiweki muda wa kusubiri, hivyo ombi jipya linaweza kupelekwa hata wiki ileile. Lakini karatasi zilezile zikirudi mezani bila jipya lolote, jibu nalo litakuwa lilelile.

Anza na barua ya kukataliwa, uisome ukiwa na kalamu mkononi. Kila sababu hufungwa kwenye kifungu cha kanuni za uhamiaji, na katika maombi ya wazazi vifungu vinavyojitokeza mara nyingi ni V 4.2(a), yaani ofisa hakuridhika kwamba mgeni ataondoka ziara ikiisha, V 4.2(c), kwamba hakuridhika na madhumuni ya ziara. Na V 4.2(e), kwamba hakuridhika na fedha za kuigharamia. Iandike upya kila hoja kwa maneno yako mwenyewe, kisha pembeni yake andika ni waraka gani unaoijibu. Hoja isiyo na waraka ndiyo kazi iliyo mbele yako. Barua ikiwa fupi mno, mzazi ana haki ya kuiomba wizara ya mambo ya ndani ya Uingereza nakala ya taarifa zake ilizozihifadhi, bila malipo, na humo yanaweza kupatikana maelezo ya ofisa kwa urefu zaidi.

Sasa tufike penye mzizi wa tatizo. Mtoto anayeishi Uingereza, tuseme Reading au Leicester, huamini kwamba ombi lilikataliwa kwa sababu hakuonyesha uwezo wa kutosha, basi mara ya pili anarundika hati za mshahara, taarifa za benki na picha za nyumba yake. Kumbe swali la ofisa halikumhusu yeye. Kanuni zinamruhusu mtoto kugharamia nauli, malazi na matumizi ya mzazi, mradi uhusiano wao uthibitishwe na yeye mwenyewe awe anaishi nchini humo kihalali. Swali gumu ni hili: mzee huyu ana nini nyumbani kitakachomrudisha? Na hapo ndipo barua nyingi za mialiko zinapojiangusha. Kwetu anayeomba hueleza shida ili ahurumiwe, kwa hiyo tunaandika kwamba mama ni mjane, anaishi peke yake, miguu inamsumbua na hana wa kumwangalia. Kila neno katika sentensi hiyo humpa ofisa sababu ya kuamini kwamba mama akifika hatarudi.

Usifiche ukweli wa maisha yake, ila eleza na upande wake wa pili, ule unaoonekana kwa jirani yeyote lakini haumo kwenye faili. Mama huyohuyo ana shamba la mikorosho lenye hati ya hakimiliki ya kimila, au nyumba yenye wapangaji wawili na mikataba yao. Ana wajukuu anaoishi nao na watoto wengine waliobaki Tanzania. Ni mweka hazina wa kikoba. Anapokea pensheni kila mwezi. Ana siku zake za kliniki zilizokwisha pangwa. Vyote hivi vinaweza kuwekwa kwenye karatasi. Mtendaji wa kijiji au wa mtaa anaweza kuandika barua inayoeleza mzazi anaishi wapi, tangu lini na pamoja na nani, na kikundi kinaweza kutoa barua pamoja na nakala za kurasa za daftari la michango. Nyaraka za Kiswahili lazima ziambatane na tafsiri ya Kiingereza yenye tarehe, jina kamili, saini na mawasiliano ya mfasiri, pamoja na uthibitisho wake kwamba tafsiri ni sahihi.

Fedha zinahitaji uangalifu wa namna yake. Akaunti iliyolala miezi mitano kisha ikapokea milioni nane wiki moja kabla ya maombi huonekana kama pesa za kuazima, hata kama wewe ndiye uliyezituma kwa nia njema. Ni afadhali salio dogo lenye mwendo wa kawaida wa miezi sita, likiambatana na taarifa ya miamala ya M-Pesa inayoonyesha kodi za wapangaji na fedha unazomtumia kila mwezi. Ikiwa kuna kiasi kikubwa kilichoingia, kieleze na uonyeshe chanzo chake. Kipato kinachotajwa kwenye fomu lazima kilingane na taarifa hizo. Wengi hukikuza kidogo ili kipendeze, na tofauti hiyo ndogo huharibu uaminifu wa ombi zima.

Majina nayo husumbua sana. Cheti chako cha kuzaliwa kinaweza kumtaja mama kwa jina la ujana wake, huku pasipoti ikiwa na jina la mume, na kitambulisho cha NIDA kikaongeza la tatu. Weka kiapo cha majina kilichothibitishwa na wakili, la sivyo ofisa hatajua kama mwalikwa ni mama yako. Usisahau pia kwamba fomu inauliza kama mwombaji amewahi kunyimwa viza. Jibu ni ndiyo, na tarehe itajwe. Kukataliwa peke yake hakumfungii mtu mlango, ila uongo au waraka wa kughushi unaweza kumzuia kwa miaka 10.

Omba muda unaolingana na sababu. Viza ya kawaida huruhusu hadi miezi sita kwa kila ziara, lakini mzee anayesema ana shamba na wajukuu kisha akaomba miezi yote sita anajipinga mwenyewe. Wiki nne hadi sita kwa ajili ya mahafali au kumwona mjukuu aliyezaliwa zinaeleweka. Kumpakata mjukuu wakati wa ziara fupi hakuna shida, ila usiandike kwamba bibi anakuja kulea mtoto ili mama yake arudi kazini, maana hiyo itahesabiwa kuwa kazi. Acha pia kununua tiketi mapema: mwongozo wa serikali ya Uingereza unaorodhesha tiketi za ndege, bima ya safari, picha za familia na bili za mwenyeji miongoni mwa vitu visivyosaidia ombi. Bima kateni baada ya viza kutoka, kwa sababu mgeni akilazwa anaweza kutozwa asilimia 150 ya gharama ya matibabu.

Na ikiwa ukweli ni kwamba mzazi anahitaji kuhamia kwako ili atunzwe, viza ya matembezi si njia yake. Kuna njia ya ndugu tegemezi mtu mzima, iliyobanwa sana tangu 2012, ambayo humtaka mwombaji athibitishe kwamba hawezi shughuli zake za kila siku bila msaada na kwamba msaada huo haupatikani nyumbani, au haulipiki. Hapo muone wakili wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu yoyote, kwa kuwa maelezo yanayojenga ombi moja hubomoa lingine, na mafaili yote mawili hubaki kwenye kumbukumbu zilezile.