Sabuni ya maziwa ya mbuzi: siri yote iko kwenye ubaridi

Mche wangu wa kwanza wa sabuni ya maziwa ya mbuzi ulitoka na rangi ya chungwa, ukanuka amonia chumba kizima. Nilikuwa nimepima kila kitu sawasawa. Kosa lilikuwa moja tu: nilimwaga kostiki soda, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, kwenye maziwa ya uvuguvugu. Kostiki ikikutana na maji huchemka yenyewe bila moto, na joto lile huunguza sukari iliyomo kwenye maziwa. Tangu siku hiyo sijali sana kama maziwa ni ya maji au ya unga. Ninachojali ni joto.

Hiki ndicho kipimo ninachokitumia hadi leo: mafuta ya zeituni gramu 350, mafuta ya nazi gramu 150, kostiki soda gramu 71, na gramu 150 za kimiminika, yaani maji na maziwa kwa pamoja. Kiasi hicho cha kostiki kinaacha takriban asilimia 5 ya mafuta bila kugeuka sabuni, ili ngozi isikauke. Pima kwa mizani, hata maji na maziwa. Vikombe na vijiko visahau. Ukibadilisha aina ya mafuta, hesabu ya kostiki nayo lazima ifanywe upya, kwa sababu kila mafuta yana kiasi chake.

Vaa glovu, miwani ya kinga na nguo ya mikono mirefu, fungua madirisha, watoto wakae mbali. Tumia vyombo vya chuma kisichoshika kutu au plastiki ngumu inayostahimili joto. Sufuria ya alumini usiiguse kabisa, kostiki huila na kutoa gesi inayowaka. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji. Kamwe usimwage maji juu ya kostiki. Ikikurukia mwilini, osha kwa maji mengi yanayotiririka, tena kwa muda mrefu. Siki usiipake kwenye ngozi.

Sasa maziwa. Njia ninayoipenda, na ninayompa kila anayeanza, ni ya nusu kwa nusu. Yeyusha kostiki yote kwenye gramu 80 za maji ya baridi, koroga hadi maji yawe maangavu, kisha yaache yapoe kabisa. Usipunguze maji hayo zaidi, maana kostiki isipopata maji angalau ya uzito wake haiyeyuki vizuri, na chembe zake zitabaki ndani ya sabuni. Gramu 70 za maziwa, zikiwa baridi kutoka kwenye friji, zitie moja kwa moja kwenye mafuta uliyoyayeyusha yakapoa hadi nyuzi 30 hivi, uzungushe kwa blenda ya mkono. Ndipo umwage maji ya kostiki taratibu. Hapa maziwa hayakutani na kostiki ikiwa ya moto, na sabuni hutoka na rangi nzuri ya krimu.

Ukitaka maziwa matupu bila maji, inawezekana, ila uwe na subira. Gandisha gramu zote 150 kwenye friza kama vipande vya barafu. Viweke kwenye bakuli, na bakuli lenyewe likae ndani ya beseni la maji ya barafu. Nyunyiza kostiki kijiko kimoja, koroga, ngoja, nyunyiza tena. Mimi hutumia karibu dakika 20 kwa kazi hii peke yake. Maziwa yakianza kuwa ya njano hafifu, usiogope. Yakielekea kwenye chungwa, acha kutia, ongeza barafu kwenye beseni. Yatakuwa mazito pia, kwa kuwa mafuta ya maziwa yenyewe yameshaanza kugeuka sabuni. Chuja unapomimina kwenye mafuta, usije ukaacha punje ya kostiki isiyoyeyuka.

Maziwa ya unga ni rahisi zaidi, na sioni kwa nini watu huyadharau. Gramu 18 au 19 za unga zinatosha badala ya gramu 150 za maziwa. Yeyusha kostiki kwenye maji yote 150, yapoe. Unga uchekeche, utie kwenye mafuta, usage kwa blenda hadi usione donge hata moja. Usiurushe mwishoni mchanganyiko ukishakuwa mzito. Madonge hubaki kama madoa ya kahawia kwenye mche. Chagua unga usiotiwa sukari. Yale maziwa mazito ya kopo, yasiyo na sukari, nayo yanafaa, mradi uyazimue kwa maji kiasi kilekile.

Kwa njia yoyote kati ya hizi, kostiki iliyoyeyushwa ikishaingia kwenye mafuta, zungusha kwa blenda kwa vipindi vifupi hadi upate uji unaoacha mchirizi juu yake, kisha mimina kwenye kalibu. Usiifunike kwa blanketi kama sabuni nyingine. Maziwa huongeza joto, na kalibu kubwa inaweza kupasuka katikati au kufura. Mimi huingiza kwenye friji kwa saa 24, na napendelea kalibu ndogondogo kwa sababu hupoa haraka.

Mafuta ya zeituni yakiwa mengi, sabuni huchelewa kushika, kwa hiyo iache siku mbili au tatu kabla ya kuitoa, na ukate ukiwa na glovu. Ipange penye hewa na kivuli kwa wiki 6, ukiigeuza mara kwa mara. Harufu kidogo ya amonia ya siku za mwanzo itapotea. Usisubiri weupe wa maziwa: hii sabuni huishia krimu au kahawia hafifu, na manukato yenye vanila huifanya iwe kahawia zaidi. Mimi siweki manukato kabisa. Mche mmoja huupima kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, najua maji yamekauka, na nauingiza bafuni.