Namna ya Kuzisoma Kuta za Seli za Mmea kwa Wembe na Hadubini ya Shule

Wanafunzi wengi huifahamu seli ya mmea kwa mchoro wa kitabuni: kisanduku chenye mistari miwili, wa nje ukiitwa ukuta na wa ndani utando. Mchoro huo ni sahihi, ila haumwonyeshi mtu kwamba tishu moja ya mmea hutofautishwa na nyingine kwa jinsi kuta za seli zake zilivyojengwa. Jambo hilo linaonekana kwa macho, na vifaa vyake vinapatikana Dar es Salaam bila taabu: hadubini ya kawaida, wembe mpya, chumvi, iodini na rangi nyekundu ya chakula.

Anza na kitunguu maji chekundu. Kipasue, chukua ganda moja nene la ndani, kisha ubandue ngozi yake ya nje yenye rangi ya zambarau, kipande kisichozidi ukucha wa kidole kidogo. Kitandaze juu ya tone la maji kwenye slaidi, na ukishushe kifuniko taratibu kuanzia upande mmoja ili hewa isinaswe chini yake. Zima pangaboi kabla ya kuanza, kwa sababu katika joto la Februari tone hilo hukauka upesi kuliko unavyodhani. Ikiwa hadubini yako hutumia kioo, kielekeze kwenye anga jeupe dirishani. Usikielekeze kwenye jua lenyewe hata kidogo, kwani mwanga wake unaweza kuliharibu jicho.

Kwa ukuzaji wa mara 100 utaziona seli ndefu zilizopangwa kama matofali, bila nafasi kati yake, kila moja ikiwa imejaa maji ya zambarau. Sasa koroga kijiko kidogo cha chumvi katika nusu glasi ya maji, weka tone moja ukingoni mwa kifuniko, na ulivute kwa kipande cha karatasi ya chooni kilichowekwa ukingo wa pili. Baada ya dakika chache zambarau hujikunja na kuachana na ukuta, huku ukuta wenyewe ukibaki palepale na umbo lake lilelile. Hapo ndipo mtu anapoelewa kwamba ukuta, ambao ni wavu wa nyuzi za selulosi uliojazwa pektini, yaani utomvu unaozigandisha nyuzi hizo, huruhusu maji na chumvi kupita, na kwamba kazi ya kuchagua ni ya utando. Maji yaliyomo ndani ya seli yakiusukuma ukuta, mmea husimama imara. Ndiyo maana wauza mboga sokoni hunyunyizia maji mafungu ya mchicha yaliyoanza kunyong'onyea.

Hatua inayofuata ni kukata shina, na hapa nawasihi walimu wenzangu wasitumie mchicha. Niliutumia mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha kwa kuwa ni rahisi kuupata, na wanafunzi wakachora walichokiona kwa uaminifu: vifungu vya mishipa vilivyotawanyika hadi katikati ya shina, kinyume na duara lililomo kitabuni. Niliwasahihisha, na nilikosea mimi, kwa sababu mchicha kweli una vifungu vya ziada ndani ya kiini cha shina. Tumia alizeti changa, ambayo hupanga vifungu vyake kwa duara lililo wazi, na shina changa la muhindi kwa mfano wa mimea ambayo vifungu vyake vimetawanyika. Shina la alizeti liache kwanza katika maji yenye rangi nyekundu kwa saa kadhaa.

Mafanikio yote yako kwenye ukataji. Funga ukingo mmoja wa wembe kwa plasta, ulowanishe ule mwingine, kisha uuvute kuelekea kwako kwa mkupuo mmoja bila kukereza kama msumeno. Kata vipande ishirini, viache vielee kwenye kisosi cha maji, na uchague kile kinachokaribia kutoonekana. Kipande kilichokatwa upande na kuwa na ukingo mwembamba kinatosha. Si lazima kiwe duara kamili.

Soma kutoka nje kwenda ndani. Chini ya ngozi utakuta kolenkaima, tishu ambayo kuta za seli zake zimenenepa kwenye pembe tu, hivyo shina hupata nguvu bila kuzuiwa kurefuka. Parenkaima, tishu laini ya kujaza nafasi, ina kuta nyembamba na nafasi za hewa. Katika kila kifungu, floemu, inayosafirisha chakula, imekaa upande wa nje ikiwa na kofia ya nyuzi ngumu, na zailemu, inayosafirisha maji, imekaa upande wa ndani ikiwa imeshika rangi nyekundu. Mirija ya zailemu ni seli zilizokufa, na ligini, kitu kigumu kilichomo kwenye kuta zake, huzuia mirija isijikunje maji yanapovutwa kwenda juu. Robert Hooke, aliyechapisha mchoro wa kipande cha koki, yaani gome jepesi la mti, mwaka 1665, naye aliziona kuta tupu kama hizo, na vyumba vyake ndivyo vilivyozaa jina la seli. Tone la iodini litakuonyesha pia mahali wanga ulipohifadhiwa, kwa rangi ya bluu iliyokoza hadi kukaribia weusi.

Mwishoni chukua pera lililoiva, ukwangue nyama yake kidogo, na uibonyeze kwenye slaidi. Ule mchanga unaousikia menoni ni mafungu ya seli za mawe: ukuta umenenepa mpaka nafasi ya ndani ikabaki kama tundu la sindano, na vijia vyembamba vikaupasua kutoka katikati kwenda nje. Seli za jamii hiyo hiyo, zilizoshikamana bila kuacha nyama laini kati yake, ndizo zinazokifanya kifuu cha nazi kiwe kigumu kiasi kile.